Tunafunga Saa Nane Usiku, Tunafungua Saa Kumi

Kazi yangu ni kutunza tovuti za watu: shule, hoteli ndogo za pwani, vyama vya akiba na mikopo, madrasa. Kila anayenipa kazi huniuliza swali moja mapema kabisa: "Haitazimika?" Nami humjibu kwamba itazimika, tena mara nyingine nitaizima mimi mwenyewe kwa makusudi, usiku, baada ya kutangaza. Tovuti isiyopewa nafasi ya kutengenezwa, siku itakapoanguka yenyewe haitachagua saa wala haitamuaga mtu.

Ninaandika haya kwa sababu tumezoeshwa vibaya. Dirisha la benki, ofisi ya ardhi, kituo cha tiketi, popote unapokwenda jibu ni lile lile: mtandao uko chini. Uko chini tangu lini? Utarudi lini? Mtu aliyetoka kijijini alfajiri kwa nauli ya kuazima asubiri au arudi? Hakuna anayesema. Jibu hilo moja hufunika kila kitu: umeme uliokatika, seva (kompyuta inayobeba tovuti) iliyojaa, na pia matengenezo yaliyopangwa tangu wiki iliyopita ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyatangaza. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, maana lilikuwa linaepukika kwa sentensi mbili. Mwenye duka la mtaani akienda kuswali adhuhuri huacha kibao mlangoni, au humwachia jirani neno, na mteja akifika anajua akae barazani au apite jioni. Tovuti inadaiwa adabu hiyo hiyo.

Niseme kwanza kwamba matengenezo mengi hayahitaji kufunga chochote. Kubadili picha, kurekebisha maandishi, kuongeza ukurasa, hata masasisho mengi ya programu hupita kwa sekunde chache bila msomaji kuhisi. Kufunga kunahitajika pale ambapo data inatakiwa isimame: unapohama seva, unapobadili muundo wa kanzidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, unapounganisha orodha mbili za wanachama kuwa moja.

Chukua chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia hapa Unguja. Tuseme tunahama seva na hatukufunga. Kunakili kanzidata kunaanza saa mbili usiku. Saa mbili na robo mwanachama aliyeko Muscat anaweka mchango wake wa mwezi, ilhali jedwali la michango limeshanakiliwa na kupita. Asubuhi seva mpya inafunguliwa, na mchango ule haumo. Hela imetoka kwenye akaunti yake, ujumbe wa kuthibitisha uko kwenye simu yake, lakini kitabu kipya cha chama hakina habari naye. Mtu huyo hatajua lolote kuhusu majedwali na kunakili. Atasema chama kimekula hela yake, na kwa alichokiona yeye, ana haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo tunafunga.

Ipo njia ya katikati ambayo ningependa wengi waijue: kuacha watu wasome, ukazuia kuandika tu. Wanaoifanya vizuri kuliko wote ni Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia. Wana vituo viwili vikuu vya data nchini Marekani, kimoja Ashburn katika jimbo la Virginia na kingine Carrollton, Texas. Tangu 2016 wamekuwa wakihamisha kazi kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa makusudi, na siku hizi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, ili siku ya janga la kweli isiwe ndiyo mara yao ya kwanza kujaribu. Wahariri huambiwa mapema, wa Wikipedia ya Kiswahili wakiwemo, kwamba kuna kipindi ambacho hawataweza kuhariri. Kusoma kunaendelea kama kawaida. Kusimama kwenyewe huwa ni kwa dakika chache. Mwanafunzi wa Dodoma anayesoma makala saa hiyo hajui hata kama kuna jambo limetokea, na mhariri aliyekatizwa alishaarifiwa. Kwa tovuti ya habari au ya shule, hii inatosha kabisa.

Tukishakubaliana kwamba lazima kufunga, swali gumu ni saa ngapi. Mafundi tuna mazoea ya kusema kwamba usiku watu wamelala. Watu gani? Mwezi wa Ramadhani hapa kwetu, saa tisa usiku nyumba nzima iko macho kwa ajili ya daku, na simu ziko mikononi. Mwezi huo utulivu wa kweli unaupata asubuhi mapema, watu wakishaswali alfajiri na kurudi kulala. Mwisho wa mwezi kuna mishahara na makato. Tovuti ya shule haifungwi karibu na siku ya matokeo, hata kama kilichoharibika kinakunyima usingizi. Kwa jirani zetu wa Kenya, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ya mapato ni tarehe 30 Juni, kwa hiyo yeyote mwenye mfumo unaogusa hesabu za walipa kodi anatakiwa aiache wiki hiyo ya mwisho kama ilivyo.

Halafu wapo walio mbali. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja tu, hilo halisumbui. Lakini chama hicho kina vijana wetu waliohamia Minnesota. Saa nane ya usiku wetu ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kwao, kutegemea msimu, yaani wakati hasa wanapotoka kazini na kushika simu. Ndiyo maana siku hizi sichagui saa kwa kukisia. Ninafungua kumbukumbu za seva, naangalia wiki kadhaa nyuma, nione ni saa gani watu huingia na wanatokea wapi. Na baada ya hapo bado namuuliza mtu anayewajua.

Kwa chama hiki mtu huyo ni mhazini, mama wa makamo asiye na habari na seva lakini anayemjua kila mwanachama kwa jina la babu yake. Nilimpelekea tarehe niliyoipata kwenye kumbukumbu.

"Shikamoo bi mhazini. Nilikuwa nafikiria Alhamisi."

"Marahaba mwanangu. Alhamisi ipi, ya wiki hii? Hapana. Wa Muscat wanalipwa wiki hii. Wakishika mshahara tu wanatuma, hawalali nao. Ukifunga hapo unanifungia mimi."

"Basi nipe siku wewe."

"Jumanne ijayo. Jumanne hakuna mtu ana hela."

Ikawa Jumanne ijayo.

Aliyoyasema mhazini wetu, Twitter ililazimika kuyasikia mwaka 2009. Tarehe 12 Juni mwaka huo kulifanyika uchaguzi wa rais nchini Iran, na matokeo yakaleta maandamano makubwa. Twitter ilikuwa na matengenezo ya mtandao yaliyopangwa pamoja na kampuni iliyokuwa ikihifadhi seva zake, NTT America, usiku wa tarehe 15 kwa saa za California. Kwa California ulikuwa usiku mzuri wa kufunga. Kwa Tehran ilikuwa asubuhi ya tarehe 16, watu wakiwa barabarani. Watumiaji walilalamika, na afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani naye akaomba kazi hiyo isogezwe. Ikasogezwa hadi saa nane mchana wa California, ambayo kwa Tehran ni saa saba na nusu usiku. Kampuni ilikubali kufunga mchana kweupe nyumbani kwake kwa sababu waliokuwa wakiihitaji zaidi wiki hiyo walikuwa upande wa pili wa dunia. Ninaupenda sana uamuzi ule, hata ukiweka siasa zake kando.

Tangazo lenyewe nalo lina mitego ya kwetu. Ukiandika "12:00 hadi 4:00" bila neno lingine, nusu ya wasomaji wataelewa saa kumi na mbili, nusu saa sita. Na ukiandika "usiku wa Jumatano", wazee wa pwani wanaohesabu siku kuanzia magharibi wataelewa usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, na kijana wao ataelewa usiku unaoufuata. Kwa hiyo naandika kirefu bila kuona haya: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kuanzia saa nane usiku (02:00) hadi saa kumi alfajiri (04:00), saa za Afrika Mashariki. Kisha nasema kitakachosimama, kitakachoendelea, na afanye nini mwenye dharura. Tangazo la mara ya mwisho lilisomeka hivi:

"Ndugu mwanachama, tovuti ya chama itafungwa kwa matengenezo usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kuanzia saa nane usiku (02:00) hadi saa kumi alfajiri (04:00), saa za Afrika Mashariki. Katika muda huo hutaweza kuona salio wala kuomba mkopo. Tafadhali usitume mchango kupitia tovuti kabla hatujafungua. Akiba yako iko salama. Ukiwa na dharura mpigie mhazini."

Lilitumwa siku tano kabla, likarudiwa siku moja kabla, na likabaki juu ya ukurasa wa kwanza muda wote huo. Neno "akiba yako iko salama" aliliongeza mhazini. Mimi nisingelifikiria, na ndilo lililokuwa na maana kuliko yote kwa mtu aliyeweka humo ada ya mwanawe.

Wapo wasomaji wengine wa tovuti ambao si watu, na hao wana lugha yao. Kila seva inapojibu hutanguliza msimbo wa tarakimu tatu. 200 maana yake mambo ni sawa, huu hapa ukurasa. 404 maana yake ukurasa haupo. Kwa tovuti iliyofungwa kwa muda, msimbo sahihi ni 503: huduma haipatikani kwa sasa. Unaweza kuuongezea mstari uitwao Retry-After, unaotaja rudi baada ya sekunde ngapi au tarehe gani. Kwa saa mbili andika 7200. Roboti za Google, yaani programu zinazopita kwenye tovuti na kuorodhesha kurasa zake, zikikuta 503 zinaelewa kwamba mwenyewe yupo, zinaondoka na kurudi baadaye, na kurasa zako zinabaki kwenye matokeo ya utafutaji.

Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume. Mtu anatengeneza ukurasa mzuri, una nembo na picha ya bisibisi, umeandikwa "tunafanya matengenezo", lakini seva inautoa kwa msimbo wa 200. Kwa roboti hiyo ni taarifa kwamba ukurasa wa ada, wa walimu, wa fomu za kujiunga, zote sasa zina maneno hayo hayo mawili. Nimeitwa kwenye shule moja ambako mzazi akitafuta jina la shule alikuwa akiletewa "tunafanya matengenezo" wakati tovuti ilikuwa imefunguliwa siku nyingi. Kuirekebisha hakukuwa kugumu, ila wazazi waliodhani shule imekufa hakuna aliyewahesabu. Na hata 503 isikae siku nyingi. Ikizidi siku chache, Google huanza kuziona kurasa hizo kama zimeondoka moja kwa moja.

Wenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, mnaosasisha programu-jalizi (programu ndogo za kuuongezea uwezo) mara kwa mara, mjue kwamba mfumo huo hujifunga wenyewe kwa muda mfupi. Huweka faili dogo liitwalo .maintenance kwenye folda kuu, na ukimaliza kusasisha hulifuta. Muunganisho ukikatika katikati, au diski ikijaa, faili linabaki na tovuti inakwama kwenye ujumbe wa matengenezo. Zikipita dakika kumi WordPress hulipuuza na kufungua mlango hata hivyo. Wengi hapo hushukuru na kuendelea na shughuli zao. Msishukuru bado: ingieni mwangalie kama programu-jalizi iliyokuwa ikisasishwa imekamilika au imebaki nusu, kisha mlifute faili kwa mkono.

Turudi kwenye usiku wenyewe. Kabla sijagusa kitu, nachukua nakala rudufu, na sihesabu kwamba ninayo mpaka niifungue kwenye kompyuta nyingine na kuona wanachama wamo. Sababu yake ni GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandaaji programu wa dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata ambazo zilikataa kulingana. Akaamua kufuta folda kwenye seva ya akiba ili aanze upya. Amri ikaenda kwenye seva kuu. Alipogundua na kuikatiza, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala rudufu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Nakala zilizotakiwa kupakiwa kila siku hazikuwepo kabisa, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloendana na kanzidata, na taarifa za kushindwa hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Kila kilichoingizwa kwenye kanzidata katika saa hizo sita kilipotea.

Lakini walifanya jambo ambalo makampuni machache yangethubutu. Waliweka maelezo yao ya kazi hadharani kwenye waraka ambao yeyote angeweza kuusoma, na wakarusha kazi ya ukarabati moja kwa moja kupitia YouTube, watu wakitazama. Hawakumtaja mhandisi kwa jina ili kumtupia lawama. Ukisoma maelezo yao unaona kazi yote ilivyokuwa, dakika kwa dakika, na ndiyo maana mtu kama mimi niliye Unguja nimeweza kujifunza kwao bila kulipia chochote.

Jambo jingine ninaloliweka kwenye karatasi kabla ya kuanza ni saa ya kurudi nyuma. Tukiwa na dirisha, yaani muda wa kufunga, la saa mbili, nasema: ikifika saa tisa na nusu na seva mpya haijakubali, narudisha ya zamani na tutapanga siku nyingine. Uamuzi huo unafanywa mchana, akili ikiwa imetulia, kwa sababu saa tisa na nusu ya usiku kila fundi anaamini amebakiza dakika tano tu.

Benki ya TSB ya Uingereza ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 5 na dirisha la wikendi nzima. Ilikuwa ikihama kutoka mifumo ya Lloyds, benki iliyoizaa, kwenda mfumo mpya wa mmiliki wake, Sabadell ya Hispania. Huduma zilisimamishwa Ijumaa tarehe 20 Aprili 2018 na kufunguliwa Jumapili jioni tarehe 22, kwa saa iliyotangazwa. Ndani ya muda mfupi watu walikuwa wakiona akaunti zisizo zao. Wateja milioni 1.9 wakafungiwa nje ya huduma za mtandaoni, wengine kwa wiki kadhaa, na benki ilirudi katika hali ya kawaida kabisa mwezi Desemba. Uchunguzi ulionyesha kwamba majaribio muhimu yalifanywa kwenye kituo kimoja tu kati ya viwili vya data, na viwili hivyo havikuwa sawa. Mkurugenzi mkuu aliondoka mwaka huo huo. Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wa Uingereza waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni ile Jumapili jioni. Walitimiza ahadi ya saa na wakavunja ahadi ya akiba za watu. Ingekuwa bora mara mia kutoa tangazo la pili, lenye aibu, la kusema bado tumefunga.

Na kabla ya kufunga, hakikisha una njia ya kurudi ndani. Tarehe 4 Oktoba 2021, saa kumi na mbili na dakika 39 jioni kwa saa zetu, amri ya matengenezo ya kawaida ilikata mtandao mkuu unaounganisha vituo vya data vya Facebook. Programu iliyotakiwa kuizuia amri kama hiyo ilikuwa na hitilafu, ikaipitisha. Facebook, Instagram na WhatsApp zikapotea kwa muda wa saa sita hivi, na nyenzo ambazo wahandisi wangetumia kuchunguza zilikuwa ndani ya mtandao ule ule uliokatika, ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye seva. Tangu jioni ile, nikiwa na kazi ya usiku, namba za simu za mhazini na za fundi mwenzangu nazichukua kwa kupiga na ujumbe wa kawaida. Kundi la WhatsApp pekee halitoshi.

Tovuti ya chama ilifunguliwa saa kumi kasoro. Sikuifungua kwa wote mara moja. Kwanza niliiruhusu kwa mhazini peke yake, ambaye alikuwa ameshaamka kwa ajili ya swala. Akaingia kwa simu yake, si kwa kompyuta yangu, akaangalia jumla ya akiba akaifananisha na aliyokuwa ameiandika kwenye daftari jioni, kisha akaingiza mchango mdogo wa kwake na kuhakikisha umekaa. Alipopiga simu kusema "sawa, wafungulie," nikaondoa 503.

Kisha nikaondoa tangazo juu ya ukurasa, dakika ile ile. Tangazo la matengenezo lililokwisha muda likiachwa pale, wanachama wanajifunza kulipita bila kulisoma, na lijalo ndilo litakalokuwa na neno wanalolihitaji. Mahali pake nikaweka mistari miwili: tumefungua saa kumi kasoro, kilichobadilika ni hiki, ukiona salio lisilolingana na la jana tuandikie leo. Hadi adhuhuri waliandika wawili. Mmoja alikuwa amesahau neno lake la siri. Wa pili alikuwa Minnesota, na alitaka kujua kama mara ijayo tunaweza kufunga saa moja baadaye.